Gari Linalomheshimu Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Julai 1996

Pikapu inalia. Si kile kilio cha kawaida nilichokwisha kukizoea. Leo imenguruma kutoka stendi ya Bariadi hadi nyumbani, watu wakawa wanageuka. Na leo hiihii ndiyo amefika Bwana Novatus, msimamizi wa kampuni mpya ya kununua pamba! Anatafuta gari moja la kukodi msimu mzima, la kupeleka mizani na makarani vijijini. Jumamosi atapanda langu hadi Migato kulijaribu. Likimridhisha, nimepona. Tangu nipunguzwe kazi pale ushirika naishi kwa pikapu hii na kwa maneno ya mke wangu, Nyanjige. Pikapu haitoshi, maneno yanazidi.

Nimechunguza. Ni breki. Nimefungua gurudumu la nyuma kulia, nimepiga msasa breki shuu, nimejikata kidole.

Akaja jirani yangu Luhaga. Naye ana pikapu, naye anaitaka kazi hiyohiyo. Eti si breki, ni beringi. Eti nipige jeki, nilitikise gurudumu, likicheza nijue beringi imekwisha. Nikamshukuru. Sikupiga jeki. Tangu lini adui akakupa dawa bure?

Jumanne, 2 Julai

Si breki. Inalia hata nisipokanyaga breki, hata mlimani. Nyanjige alisema hivyo jana, lakini alibahatisha tu.

Leo nimemrudisha mama mkwe kwake Migato. Alikuja kumwona mjukuu wake, Joyness. Mbele hatuwezi kukaa pamoja. Mkwe na mama mkwe kubanana bega kwa bega ni mwiko, hata kwetu sisi tuliosoma. Akapanda nyuma, akaegemea upande wa kushoto, akafunika uso kwa khanga. Mayu Milembe, ndivyo tumwitavyo mama huyu, ni mtu mwenye mwili. Nikawasha. Kimya! Bariadi hadi Migato, kimya! Aliposhuka nikamuaga kwa mbali, macho pembeni kama inavyopasa, nikageuza gari. Kelele zikarudi palepale.

Nimewaza njia nzima. Uzito ukikaa kushoto, kulia kunapumzika. Kitu kilichopumzika kimepona. Beringi ya nini?

Nimemweleza Nyanjige. Kasema basi hata gari lina adabu kwa mama yake kuliko mimi.

Jumatano, 3 Julai

Nimeweka gunia la mchanga kushoto. Limepasuka penye mashimo, mchanga ukamwagika njia nzima. Luhaga kauliza mbele za watu kama nimepata tenda ya kutengeneza barabara. Wakacheka! Tena Novatus kasema hataki mzigo wa mtu mwingine nyuma, nafasi ni ya mizani. Magunia basi. Lakini mama mzee anayerudi kwake? Nani atamnyima lifti?

Tatizo: ameshakwisha kurudi kwake.

Alhamisi, 4 Julai

Nimekwenda Migato. Kumkabili mwenyewe siwezi, kwa hiyo nikajificha nyuma ya zizi, nikamtuma shemeji yangu Mayala akamwambie mama yake kuwa Joyness anaumwa tumbo. Mama mkwe akatoka mbio na fungu la mizizi ya dawa. Njia nzima alikuwa akilia huko nyuma. Pikapu ilikuwa kimya kabisa, nikamsikia vizuri. Niliona aibu. Nilitaka kusimama nimwambie, lakini ningemwambiaje na kusema naye ana kwa ana siwezi?

Tumemkuta Joyness anatafuna muwa. Nyanjige hakuuliza kitu mbele ya mama yake. Aliuliza baadaye. Nimelala sebuleni.

Jumamosi, 6 Julai

Khaa! Niandike nini?

Tumeondoka asubuhi. Novatus mbele pamoja nami, mama mkwe nyuma kushoto, anarudi kwake. Kimya! Novatus akasifu, gari la zamani lakini limetulia. Nikaanza kuuona msimu wote mbele yangu.

Kisha akageuka, akachungulia kioo cha nyuma. Akauliza yule mama anayekula vumbi ni nani. Nikasema abiria tu. Akasema yeye ana mama, hawezi kukaa kwenye sponji mama wa mtu akila vumbi. Akaamuru nisimame wabadilishane. Mama mkwe akakataa kwa kichwa. Novatus akasihi. Mwishowe ikanibidi niseme kuwa ni mkwe wangu. Novatus ni Msukuma kama sisi. Mwiko anaujua. Akasema basi anayeshuka ni mimi.

Akashika usukani mwenyewe. Mama mkwe mbele, mimi nyuma. Nikaning'inia upande wa kushoto, nikajikaza, nikajipa uzito wote niliojaliwa. Haukutosha! Ngurumo, kisha msago wa chuma, kisha moshi. Karibu na Migato gurudumu la kulia likalala upande kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Novatus akagusa kitovu cha gurudumu, akaungua.

Na nani akatokea? Luhaga! Akawapakia wote wawili. Kabla ya kupanda, mama mkwe alimwomba Novatus anifikishie ujumbe, nami nimesimama palepale: siku mtoto akiumwa kweli, watume gari lingine.

Luhaga akapiga honi alipoondoka. Mara mbili!

Jumanne, 9 Julai

Luhaga kapata kazi. Nyanjige kauza pamba ya shamba lake, alilolima peke yake, akanunua beringi. Hajanisema. Afadhali angenisema.

Fundi ameifunga leo. Kulia kimya kabisa! Sasa kushoto ndiko kunakonguruma. Luhaga kapaza sauti kutoka uani kwake: piga jeki, tikisa gurudumu. Nikamshukuru.

Safari hii sidanganyiki. Nimelijua kosa langu. Nilimpakia mtu wa kuonewa huruma. Kesho kutwa mwalimu mmoja anataka gari la kuhamisha vyombo, na anayehitajika sasa ni mtu wa kukaa nyuma kulia, mzito, asiyetaka kiti cha mbele. Baba mkwe ana kilo nyingi kuliko mkewe, tena hupenda upepo.

Kesho asubuhi naenda Migato kumwambia kuwa binti yake anaumwa.