Peni Yenye Vichwa Viwili

Jumatatu, 14 Aprili

Nilichokificha ni hiki: nina sarafu ya zamani, peni yenye vichwa viwili. Mfalme George wa Tano upande huu, Mfalme George wa Tano upande ule. Haina mkia, ule upande wenye maandishi ya thamani. Nimeificha tangu ujana wangu. Marehemu mke wangu hakuijua. Binti yangu Rowena haijui. Chama cha wakusanya sarafu cha Moonta, ambacho nilikuwa katibu wake mpaka miguu ilipogoma, hakijui. Hukaa ndani ya soksi ya kijivu. Soksi zimebadilika mara nyingi, peni ni ileile.

Kwa nini nimeificha? Kwingineko duniani ukimwonyesha mtu sarafu kama hii, atastaajabu. Hapa kwetu Australia atashika mfuko wake. Kila mtu anajua kazi ya peni ya vichwa viwili: kuibia watu kwenye mchezo wa kurusha peni mbili na kubashiri kama zitaangukia vichwa au mikia. Watu huzikereza peni mbili za kawaida, wakaziunganisha, wakatajirika mpaka siku ya kufukuzwa.

Yangu si hiyo. Ninaamini ilitoka hivi kiwandani. Muhuri wa kichwa ulifungwa juu, na mwingine wa kichwa ukafungwa chini. Fundi kasinzia, mashine ikaendelea. Wakusanyaji wa kasoro kama hizi wangepigana ngumi kwa ajili yake. Ikiwa nimekosea, thamani yake ni ya kifungo cha koti.

Leo daktari wa nyumba hii ya wazee ameniambia moyo umechakaa. Amesema kwa upole, kama mwalimu anayerudisha insha mbaya. Sawa. Kufa naweza. Kufa bila kujua siwezi.

Jumanne, 15 Aprili

Nimepata njia!

Kesho napigwa picha ya kifua. Eksirei huona ndani ya vitu. Ikiwa inaona mbavu zangu chini ya ngozi, itashindwaje kuona kiungo ndani ya peni? Nitaibandika tumboni kwa plasta, chini ya fulana. Nimefundisha kemia maisha yangu yote. Akili bado ipo.

Chakula cha mchana: pasti, yaani andazi la kuoka, viazi vingi, nyama ya kutafuta. Merv Schulz akaja kukaa mezani kwangu bila kualikwa. Ndiye mwenyekiti wa chama chetu, zamani meneja wa benki, na chumba chake kinatazamana na changu. Mungu ana mizaha. Akatoa tena senti tano yake ambayo muhuri ulizunguka: Malkia amesimama vizuri, ukigeuza, nungunungu yuko miguu juu. Akaniuliza kama nimewahi kuona kitu kama hicho. Nikamwambia ndiyo, jana, na juzi, na Jumapili.

Angejua kilichomo soksini mwangu, angelala chali yeye.

Jumatano, 16 Aprili

Fundi wa picha ni mama mwenye huruma. Kasema chumba kina baridi, nibaki na fulana yangu. Mpango umekwenda kama maji!

Halafu daktari akaja na uso wa msiba. Akaiinua picha dirishani. Mbavu. Moyo, kama kiazi cha zamani. Na chini yake duara jeupe, kubwa, kama mwezi mpevu. Nikasogea nitafute kiungo. Hakuna kiungo. Hakuna chochote. Weupe tu.

Bila shaka. Metali huzuia miale. Nilikuwa nikilifundisha hilo kila mwaka, pamoja na mchoro.

Daktari akauliza nimemeza nini. Nikaona njia mbili. Ya kwanza, kufunua fulana na kumwonyesha peni. Ya pili nikaichukua. Nikasema nimemeza sarafu. Akauliza kwa nini. Nikasema nilitaka kujua ladha yake.

Alhamisi, 17 Aprili

Maji ya plamu kavu asubuhi. Maji ya plamu kavu saa nne. Plamu zenyewe mchana.

Sista Sushila, muuguzi wetu kutoka Nepali, amepewa amri kwamba chochote kisimwagwe chooni kwangu kabla hajakikagua. Ananiambia: "Babu Clem, usione haya, ukimaliza niite tu." Nikamwambia niliwahi kuwa mwalimu mkuu msaidizi. Akasema ndiyo, babu, vaa kandambili.

Kesho ni Ijumaa Kuu. Wenzangu watakula mikate yenye msalaba. Mimi najua nitakachokula.

Jumamosi, 19 Aprili

Mambo yameharibika. Daktari anasema sarafu isipotoka, nitapelekwa Adelaide nipasuliwe. Wamempigia Rowena. Analia kwenye simu, anauliza, "Baba, nani alikuwa anakuangalia?"

Kwa hiyo ni lazima nizae sarafu leo hii.

Nikapekua pochi. Inahitajika yenye ukubwa wa peni, na peni zetu za zamani zilikuwa kama visahani. Senti hamsini! Upana karibu sawasawa. Nikaitumbukiza kwenye beseni, nikalala, nikamwita Sushila kwa sauti ya mtu aliyetoka vitani. Akashangilia. Akaiosha, akakimbia nayo kwa daktari. Mimi nikaomba mkate wenye msalaba, nikapewa miwili, na siagi.

Jioni

Daktari amerudi. Ameiweka ile senti hamsini juu ya picha ya eksirei, akaniachia niitazame.

Senti hamsini ya Australia ina pembe kumi na mbili.

Akasema polepole, "Clem, imeingia ikiwa mviringo, imetoka ina pembe."

Mimi! Mkusanya sarafu! Sushila alitoka nje, nikamsikia akicheka mpaka jikoni, na jikoni wakapokea. Ilibidi nikiri kwamba sikumeza kitu, kisha nikasingizia kuwa ni medali ya baba yangu niliyojibandika tumboni kwa ajili ya kumbukumbu. Daktari akaandika sentensi ndefu sana kwenye faili langu. Nilijaribu kuisoma kichwa chini. Neno moja tu nililitambua, nalo halikuwa zuri.

Jumanne, 22 Aprili

Merv amesikia. Nani hajasikia? Amekuja mlangoni kwangu amevaa tai, akasema kwa niaba ya chama anaomba kutembelea kiwanda changu cha sarafu. Akauliza kama natengeneza za pembe pekee au na mviringo pia. Nikamwambia atoke. Akasema anatoka, ila kama nitatoa mpya, asiwe wa mwisho kujulishwa.

Sijali. Nina njia nyingine, ya kisayansi zaidi. Sauti! Peni ya kipande kimoja ikiangushwa mezani huimba. Iliyounganishwa hugugumia. Tatizo: masikio yangu hayasikii hata kengele ya chakula.

Lakini Valda Pengelly wa chumba cha pembeni alipiga kinanda kanisani Moonta tangu akiwa na nywele nyeusi. Nikamwahidi yai langu la chokoleti la Pasaka. Sikumweleza kitu. Nikageuza kiti chake kitazame dirisha, nikaangusha peni ya kawaida, kisha yangu.

Akasema ya kwanza inaimba. Ya pili ina mafua.

Nikabadilisha zamu. Akasema sasa mwenye mafua ametangulia. Nikaiangusha yangu mara mbili mfululizo, kumtega. Akaniambia, "Clem, mgonjwa ni yuleyule, mpe dawa uniache nile chokoleti yangu."

Matokeo: masikio ya Valda nayo yamezeeka. Inasikitisha. Kwa kuwa mikono yangu hutetemeka nikichoka, yeye ndiye aliyezirudisha peni mifukoni mwangu, moja kulia, moja kushoto. Nilimwambia ya kawaida iende kulia.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo Merv amenijia kwa unyenyekevu! Ndiye anayeandaa mchezo wa peni mbili hapa kesho, Siku ya Anzac, ambapo mchezo huu ni desturi, na amepoteza peni moja kati ya zake. Anaomba kuazima. Nikamwacha aombe. Nikajifanya sikusikia. Akaomba tena, kwa sauti. Nikamuuliza kama kiwanda changu kina sifa za kutosha. Akasema, "Clem, bwana, usinifanye nipige magoti. Nikipiga sitainuka."

Nikampa, kutoka mfuko wa kulia. Bila kuitazama, kama tajiri.

Ijumaa, 25 Aprili. Siku ya Anzac

Alfajiri tulikusanyika bustanini kuwakumbuka askari. Tarumbeta. Wanaoweza kusimama walisimama. Mimi nilisimama, Sushila akiwa amenishika kwa nyuma kwenye mkanda. Kisha chai na biskuti ngumu ambazo meno yangu ya bandia huziogopa.

Baadaye mchezo, kwenye ua wa saruji. Dau ni mayai ya chokoleti. Valda alikuwa mrushaji, kibao mkononi, peni mbili juu ya kibao. Merv akawa msimamizi na mchezaji kwa pamoja, jambo lisiloruhusiwa popote isipokuwa hapa. Akaweka mikia. Mimi vichwa, kama kawaida yangu.

Vichwa! Nikavuta mayai. Safari ya pili kichwa na mkia, ikarudiwa. Vichwa! Merv akaongeza dau. Kichwa na mkia. Vichwa tena! Merv akaleta sungura wake mkubwa wa chokoleti, aliyekuwa anamtunzia mjukuu. Sungura naye akaja kwangu. Merv akapiga kelele kwamba hajawahi kuona siku ambayo mikia imegoma kazi. Valda akamwambia anyamaze, hapa hatuko benki.

Nikajisemea: Clem, bahati imekuja mwishoni. Nikatia mkono mfuko wa kushoto niipapase peni yangu kwa shukrani. Kidole kikahisi maandishi. Nikaitoa, nikaitazama chini ya meza.

Ilikuwa na mkia.

Peni yangu ilikuwa juu ya kibao cha Valda! Ningeweza kupiga kelele. Neno moja tu, "Simama!", na ningeiokoa. Watu wangeuliza maswali, lakini peni ingekuwa nzima.

Sikusema. Rowena, ukisoma haya, jua haikuwa kwa ajili ya sungura. Peni iliyochapwa kipande kimoja haiogopi saruji. Iliyounganishwa inaiogopa. Nimebeba swali hili tangu ujana, na jibu lilikuwa linakwenda kurushwa hewani mbele ya macho yangu na mama aliyevaa kofia ya sufu. Nikafunga mdomo, nikainama mbele.

Valda akarusha. Zikapanda, zikang'aa. Moja ikaanguka chali. Nyingine ikatua kwa ukingo wake, ikalia tak, ikawa mbili.

Kipande kimoja kama kikombe, kingine kama kifuniko chake. Wafalme George wawili, kila mmoja peke yake, wakiangalia mbingu.

Merv akainama, kazi ya muda mrefu kwake, akaviokota. Akauliza hii ni ya nani. Kabla sijafikiri jibu Valda akapaza sauti: "Ndiyo ile yenye mafua!"

Basi. Merv akaninyooshea kidole: "Katibu wa chama! Mwizi wa mayai!" Ua mzima ukavunjika kwa kicheko. Walinipekua sweta. Wakachukua mayai yote, pamoja na lile nililonunua kwa fedha yangu. Sungura akarudi kwa Merv akiwa hana sikio, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kumla.

Jambo la ajabu: moyo wangu, ule uliochakaa, ulidunda vizuri sana.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimevichunguza vipande kwa lenzi asubuhi nzima. Mikwaruzo ya mashine ya kukereza imo ndani, mizunguko mizuri, kama ya kisahani cha santuri. Ushahidi umekamilika. Si kasoro ya kiwanda. Nakubali. Mtu msomi hukubali ushahidi.

Lakini! Kila kipande sasa kina mfalme upande mmoja, na upande wa pili hakina kitu. Sarafu iliyochapwa upande mmoja! Wanaojua wanajua zinavyotafutwa. Juzi nilikuwa na kasoro moja adimu. Leo ninazo mbili! Imebaki kuondoa hiyo mikwaruzo. Nimemwomba Sushila tupa ya kucha. Ameuliza kama nina mpango wa kuimeza. Merv naye amepita mara mbili mlangoni, akajifanya anatafuta miwani, macho yako kwenye vipande. Ataniomba nimuuzie kimoja. Nitamwacha aombe.

Limebaki moja, Rowena. Peni hii nilipewa na mjomba Jory, ambaye alikuwa fundi wa kukereza vyuma karakana ya reli. Aliniita chumbani kwake siku chache kabla hajafa, akaniwekea peni kiganjani, akaniambia wazi, "Hii nimeitengeneza mwenyewe, Clem. Usiiangushe." Nilimsikia vizuri. Masikio yangu yalikuwa mapya wakati huo. Lakini mjomba aliibia nusu ya Moonta kwa peni ile. Mtu kama huyo, nani angeamini neno lake?