Maktaba za Hiari Nazijenga Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Mimi nimezaliwa na bahati. Wengine wanaitafuta, mimi inanifuata nyumbani kama paka wa jirani. Leo mkuu wa chuo kanikabidhi kompyuta mpya, ina nguvu kuliko zote za chumba ninachokisimamia. Mpwa wangu, binti ya dada, naye kaja na shida. Ana hesabu za kujenga daraja la mto, kazi yake ya mwisho chuoni. Zinataka programu moja ya bure ya hesabu. Mwisho wa kukabidhi ni Alhamisi. Akikosa, anarudia mwaka. Nikamwambia akalale, mjomba yupo.

Jumanne, 4 Machi
Naiweka programu kwenye kompyuta mpya, ina maswali kama mama mkwe. Kuna maktaba, yaani vipande vinavyobeba hesabu nzito, na nyingine ni za hiari. Inauliza: nitumie zilizomo tayari kwenye mashine, au nizijenge upya kutoka kwenye msimbo wake, yaani maandishi ya asili ya waliozitunga? Jenga. Zote. Hata nisizojua kazi yake. Mtu mzima hali kiporo.

Fundi wa kompyuta za ghorofa ya juu, nimembatiza Bwana Taratibu, akachungulia. Akasema kuku wako mwenyewe, manati ya nini? Zilizomo zinatosha, za hiari hujengwa zikihitajika. Nikamwambia ndiyo maana chumba chake kinanuka uzee. Akacheka. Sikupenda alivyocheka.

Jumatano, 5 Machi
Bado inajenga. Inahema kama mzee anayepanda ngazi. Mgongo unaniuma kwa kuitazama tu. Mpwa kaja kuuliza tena. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Akasema mjomba, hizi zitakuwa zimeoza.

Jioni ikamaliza. Nikanakili kila kitu kwenye kompyuta zote za zamani za wanafunzi, darasa zima lione mjomba wa mtu. Sikujaribu hata moja. Anayejaribu hajiamini.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi katibu wa mkuu kaibeba kompyuta mpya. Sikubisha. Mpwa akakaa kwenye ya zamani, akaanzisha hesabu. Programu ikafa. Akahamia ya pili, ikafa. Ya tatu, vilevile.

Nikamwita Bwana Taratibu huku natazama sakafu. Akaeleza kwamba maktaba zikijengwa kwenye mashine mpya hujipima kwa nguvu za mashine ile. Ukizipeleka kwa wazee, zinawaamuru mambo wasiyoyajua. Mpwa akakusanya daftari zake. Afadhali angenitukana. Wakapanda wote juu, kwenye mashine yenye zile zilizomo tayari. Kazi ikakabidhiwa ofisi ikifungwa. Kwenye ukurasa wa shukrani kamtaja fundi wa juu. Mimi nimo kwenye “na wengineo”.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kapiga simu, anashukuru nilivyomsaidia mtoto. Nikapokea shukrani. Angezipeleka wapi?

Nimechoka, lakini mtu hakai bure. Nimefuta maktaba zote kwenye kompyuta za zamani, na zile zilizokuwemo nazo. Sasa kila mashine inajijengea zake, za hiari zikiwemo. Wanafunzi wamejaa mlangoni. Bwana Taratibu kapita, kauliza nani kaziomba hizo. Nikamwambia zitaombwa tu.

Na ile kompyuta mpya, mkuu hakunikabidhi. Alisema niitoe kwenye boksi apelekewe ofisini, basi. Bahati sina, wala sijawahi kuwa nayo.