Kipaji Changu cha Kuumwa Tumbo

Jumatatu, 14 Julai

Nimechaguliwa! Watafiti wa chuo wanataka kujua daktari wa zahanati yetu anavyowahudumia wenye matatizo ya tumbo. Mwenyewe ameridhia, ila hataambiwa nani mgonjwa kweli na nani anaigiza. Waigizaji ni mimi na jirani yangu Ramadhani. Atakayetoa tathmini bora atahutubia mkutano Lushoto mjini. Ramadhani ahutubie? Mtu anayesinzia akichambua maharage! Haiwezekani.

Jumanne, 15 Julai

Nimepewa maneno ya kusema: kiungulia kidogo baada ya kula. Basi! Kiungulia gani kitanifikisha Lushoto? Nitaongeza chumvi kutoka tumbo langu mwenyewe, maana linaniuma tangu masika. Nimefanya mazoezi ya kuugulia katikati ya kabeji. Mke wangu Efrazia akauliza kama nimeumwa na siafu.

Jumatano, 16 Julai

Daktari Jenoveva ni binti mdogo, rika la kitindamimba wangu. Niliingia nimejikunja, naugulia. Akaniamkia shikamoo. Nikasahau ugonjwa, nikanyooka, nikaitikia marahaba ya kiongozi wa kwaya. Hadi nje wakasikia. Aibu! Wala hakucheka.

Lakini jamani, binti anajua kazi! Anauliza, kisha ananyamaza na kusubiri. Hakuna aliyewahi kunisubiri nimalize kusema, hata nyumbani. Nikamwaga yote: choo cheusi, kizunguzungu shambani. Akauliza kwa upole natumia dawa gani. Nikakana. Akasema kulima miteremko hii kunaua mgongo, hata baba yake humeza vidonge vya dukani. Nikajikuta natoa mfukoni pakiti ya diklofenaki, vidonge vyangu vya mgongo! Efrazia mwenyewe haijui. Akafunua kope zangu, akabonyeza tumbo taratibu, akapima damu. Akasema damu imepungua mno, huenda tumbo linavuja ndani, niende hospitali leo leo. Nikamnong'oneza kwamba naigiza. Akajibu kwa heshima zote kuwa weupe wa kope hauigizwi. Akaita gari.

Ijumaa, 18 Julai

Hospitali. Wamenipitisha kamera kooni. Kidonda cha tumbo, kazi ya vile vidonge, tena kilikuwa kinatoa damu! Nimeongezewa damu ya watu. Daktari wa hapa kasema ningechelewa kidogo tu, Efrazia angekuwa mjane. Efrazia analia na kunigombeza kwa Kishambaa, kwa zamu. Jenoveva amepiga simu kuniulizia. Mungu amtunze binti yule! Ramadhani alieleza kiungulia kama alivyoagizwa, akashauriwa vizuri, akaenda zake. Hana kipaji.

Jumapili, 20 Julai

Nimeruhusiwa. Tathmini nimeituma: Jenoveva ni dhahabu, apewe alama zote. Kasoro yake ni moja tu, nimeificha nisimharibie: hakunigundua. Wala wenzake wa hospitali. Nimeigiza hadi kamera ikaona kidonda! Efrazia anasema ninyamaze ninywe uji.

Watafiti sasa wanatafuta mtu wa kuigiza ugonjwa wa moyo. Nimeshaomba. Na kifua kimeanza mazoezi chenyewe, tangu asubuhi.