Rudisheni Ubovu wa Gari Langu

Kwa Mwenye Yadi ya Magari Yaliyotumika,
Mkabala na kituo cha mafuta.

Ndugu Mwenye Yadi,

KUHUSU: KUTENGENEZEWA GARI BILA RIDHAA YANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mafundi wako wote, hasa yule mnayemwita Daktari. Mimi afya ninayo. Nilichopoteza ni amani, na walioichukua ni nyinyi.

Mimi ni yule dobi aliyenunua kwenu lile gari dogo la kijivu lenye boneti nyekundu. Utanikumbuka, maana mlinicheka. Nilizunguka yadi yako asubuhi nzima, na kila gari ambalo muuzaji wako aliniambia "hili halina tatizo, dada," nililipita. Nilipofika kwenye lile la mwisho, lililosukumwa ukutani nyuma ya choo, nilimwomba anitajie kasoro zake zote. Alipomaliza nikamuuliza kama hakuna nyingine. Akashika kichwa: "Dada yangu, hilo sikuuzii, nitalala na dhambi." Nikalinunua kama lilivyo, kwa theluthi ya bei ya lile jeupe alilokuwa akilipigia debe.

Naomba nieleze hesabu yangu, kwa sababu inaonekana mlidhani sina. Nilianza kazi na beseni mbili na pasi ya mkaa. Leo nafulia nyumba nne za wageni. Iliyo kubwa kuliko zote inataka shuka zake kabla ya saa nne asubuhi. Nikichelewa mara tatu mkataba umekwisha, na mkataba ukiisha, mashine yangu ya pili ya kufulia, ambayo bado nailipia mkopo, inarudi dukani. Ndiyo maana nilitaka gari. Fedha niliyokuwa nayo ilitosha gari kuukuu tu, na hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba gari, hata likiwa kuukuu, likiwa zima lina ndugu. Nina mjomba, nina shangazi, nina shemeji. Siwezi kununua gari zuri, na siwezi kuwanyima ndugu zangu lifti. Kilichobaki ni kununua gari ambalo ndugu watajinyima wenyewe.

Mama yangu simtii kwenye hesabu hii. Yeye hajawahi kuniomba lifti. Husema gari linamtia kichefuchefu, na kliniki yake huenda kwa miguu, akipumzika kwenye vibaraza vya watu.

Nililiendesha lile gari wiki mbili zenye baraka. Kisha mkaniita nililete, mkisema karatasi za kubadilisha jina zinahitaji namba ya injini isomwe upya. Nikaliacha siku mbili. Niliporudi nilikuta mmelitengeneza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlango wa abiria. Ulikuwa haufunguki kabisa. Abiria alipaswa kupitia upande wangu, apite chini ya usukani, avuke gia. Mjomba wangu ana mwili wa mwenyekiti na hupenda kushuka garini kama mwenyekiti. Alijaribu mara moja. Alinasa juu ya gia, mguu mmoja ndani na mwingine barabarani, mpaka wapita njia wawili wakamsukuma. Akaniambia, "Mpwa wangu, hili si gari, huu ni mtego," na sikumwona tena. Sasa mlango unafunguka kwa kidole kimoja, na mjomba ana vikao vitatu kwa wiki.

2. Kioo cha upande huo huo. Kilikuwa kimekwama katikati, hakipandi wala hakishuki. Shangazi ni mwembamba, mlango haukumzuia. Lakini nilipomchukua kutoka saluni, hatujafika nyumbani nywele zilikuwa zimesimama. "Nimelipa kusukwa, wewe umenifumua bure!" Basi, tukaachana kwa heshima. Leo kioo kinapanda mpaka juu, na shangazi amehamia saluni ya mbali zaidi.

3. Mshale wa mafuta. Kosa hili sijui kama nitawasamehe. Mshale ule ulikuwa umelala kwenye sifuri siku zote, na hesabu ya mafuta niliiweka kichwani kwa kilomita. Kila aliyepanda aliutazama, kisha ama akaingiza mkono mfukoni ama akakumbuka kwamba anaweza kushukia hapo hapo. Kwa wiki mbili, mshale ule ulichangisha fedha nyingi kuliko vikao vyote vya ukoo wetu. Mmeutengeneza, sasa unasema kweli mbele za watu. Juzi shangazi aliutupia jicho, akapiga makofi: "Nusu tangi! Basi tupitie na kwa rafiki yangu."

4. Kuwasha. Gari lilikuwa haliwaki mpaka ukanyage breki mara mbili, uzungushe ufunguo nusu, upige dashibodi ngumi moja juu ya saa, halafu usubiri likohoe. Siri hiyo ya ngumi tuliijua mimi na muuzaji wako tu. Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu wa kuazima gari "dakika kumi tu, shem." Nilimpa ufunguo kwa roho nyeupe. Alihangaika mchana kutwa, akanirudishia jasho likimtoka, akasema gari lina mapepo. Sasa linawaka kwa yeyote. Halina tena uaminifu. Wiki iliyopita alilichukua alfajiri, nami nikapeleka shuka kwa pikipiki. Nilifika saa nne na robo.

5. Kiti cha nyuma. Hakikuwapo, na ndivyo nilivyotaka. Palikuwa na ubao, na ubao ule ulibeba mafurushi kumi na manne. Daktari akang'oa kiti kwenye gari mwenzake lililogongwa ubavuni, akanifungia. Sasa yanaingia mafurushi sita. Kwa maneno mengine, mmenitolea mafurushi manane mkaniwekea ndugu watatu, na ndugu hawalipi kwa kilo. Safari zimekuwa tatu badala ya moja. Hapo nikachelewa mara ya pili.

6. Rangi. Boneti mmeipaka ifanane na mwili, mkalisugua gari zima mpaka najiona uso. Meneja wa nyumba ya wageni alichungulia dirishani, akaniambia, "Naona mambo yako mazuri. Basi bei ya shuka tuitazame upya." Mwenye nyumba wangu alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma, kisha akaniuliza mkataba wangu wa pango unaisha lini.

Honi pekee mliisahau. Imebaki bubu kama nilivyoinunua, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati.

Nilipouliza sababu ya wema huu wote, Daktari alisema mbele yangu, kana kwamba mimi ni boksi la spana: "Mama wa watu hajui magari, tukaona tumsaidie." Halafu mkanipiga picha ya kubandika ofisini. Ndugu Mwenye Yadi, mliona mwanamke amechukua gari bovu kuliko yote, mkakata shauri kwamba hajui kuchagua. Haikuwapitia akilini kwamba huenda amechagua. Mwanamume angechukua lile lile mngesema ana jicho la biashara.

Kwa hiyo naomba mnirudishie ubovu wangu, wote, kama nilivyoulipia. Vifaa vya zamani vipo. Nimekiona kitasa changu kwenye lile lundo nyuma ya choo. Kama vingine vimepotea, basi gari livunjwe upya, na livunjwe na fundi mwenye ujuzi. Sitaki ubovu wa kubahatisha. Nataka pia dhamana ya miezi sita, kwamba kasoro yoyote ikipona yenyewe mtaiharibu bila malipo. Na mnipe cheti chenye mhuri, kisemacho chombo hiki hakifai kubeba binadamu, hasa wajomba.

Msipofanya hivyo, kuanzia Jumatatu nitawaelekeza ndugu zangu kwenu, kwa kuwa nyinyi ndio mliowapa gari. Mjomba huamka mapema na hupenda kukaa mbele. Shemeji atawaambia dakika kumi. Msimwamini.

Nisalimie muuzaji, ambaye alinionya kwa nia njema. Nisalimie na mlinzi wa getini, aliyenipigia saluti siku nilipotoka na gari likiwa bado na sifa zake zote. Daktari mwambie sina kinyongo naye, ila asinisogelee na spana. Picha yangu ishusheni ukutani.

Ni mimi niliyetengenezewa,

Dobi, mwenye gari lililokuwa la rangi mbili.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha, nimelazimika kuifungua. Jana mvua ilishuka tangu alfajiri, na ilikuwa siku ya mama ya kliniki. Nikamwambia apande, akapanda nyuma, maana mbele palijaa mafurushi. Alikaa katikati ya shuka, akapakata foronya, na njia nzima akawa anazikunja. Tukaanzia nyumba ya wageni, tukafika kabla ya saa nne. Kisha nikampeleka kliniki, hakupumzika kwenye kibaraza cha mtu. Nilimuuliza habari ya kichefuchefu. Akasema, "Kichefuchefu gani, mwanangu? Nilikuwa nakuonea huruma mafuta."

Kwa hiyo kiti msikiguse. Mlango nao uacheni, kwa sababu siku moja nataka akae mbele. Kioo pia, ana kifua. Mshale uendelee kusema kweli. Mama akiuona kwenye sifuri atashuka atembee. Rangi imeshakauka. Linabaki lile la kuwasha, na hilo nataka mliharibu leo leo, kwani shemeji amekaa hapa kibarazani ananisubiri nimalize kuandika.

Na ile honi, tafadhali, itengenezeni. Mama anasema haina maana kurudi na gari kama jirani hasikii.