Themanini na Moja Kidoleni mwa Nasra

Wenzangu, leo uso wangu nimeuacha kituo cha afya, na sina ubavu wa kurudi kuuchukua.

Mnaijua kazi yangu: napaka maharusi hina na piko jeusi, hapa Mtoni na kokote ninakoitwa. Mnajua pia kwamba tangu shemeji aniletee kutoka Maskati kile kidude cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni, nimekuwa daktari wa mtaa. (Hakuna aliyeniomba.) Majirani wote nimeshawabana. Muuza samaki nilimbana akakimbia, kaacha na samaki wake.

Basi leo asubuhi mwanangu Nasra, wa miaka mitano, kaamka na kikohozi. Nikambana kidole. Themanini na moja! Nikabana kingine. Sabini na tisa! Na maelezo yaliyokuja na kidude yanasema ikishuka chini ya tisini, mkimbize mtoto hospitali. Nilimtazama mwanangu nikajua ndiyo nampoteza. (Yeye wakati huo alikuwa anamfukuza paka.)

"Nasra, kaa chini, usijichoshe!"

"Mama, nnataka mandazi."

Masikini, nikasema, hewa haifiki kichwani, keshaanza kuweweseka.

Nikaita bajaji. Nimetoka na kandambili zisizofanana. Kituoni, kina mama wamejaa benchi zima, na mlangoni kasimama binti mmoja na kichanga kakifunika kanga. Zamu ilikuwa yake. Nikampiga kikumbo.

"Nipisheni! Mwanangu anakufa!"

"Dada, huyu keshaitwa," akasema mama mmoja.

"Huyo wake si kalala tu! Wangu oksijeni themanini na moja! Nyinyi hata oksijeni mnaijua?"

(Ndiyo, nilisema hivyo. Tena kwa sauti.)

Yule binti akanipisha.

Ndani, mlango uko wazi na foleni nzima imetega masikio. Nikamweleza nesi habari za oksijeni kana kwamba ni mwanafunzi wangu. Akanisikiliza. Akamfunua Nasra kifua, akamtazama anavyopumua, kisha akamshika mkono akaugeuzageuza.

"Piko hili kapaka nani?"

"Mie!" nikajibu kwa fahari. "Tulikuwa na harusi Jumamosi. Ukitaka na wewe ntakupaka."

(Mdomo huu, jamani!)

"Mama, kipimo hiki kinapitisha mwanga kwenye kidole. Wewe kucha umezipaka nyeusi tii. Huo mwanga upite wapi?"

Akachukua kipimo chake, akambana Nasra kidole cha mguu. (Miguu sikumpaka, alichoka kukaa.) Tisini na nane.

"Ana mafua," akasema nesi. "Mpe maji, mpe chakula. Ukiona anapumua kwa shida, mrudishe."

"Nnataka mandazi," akasema mgonjwa wangu.

Nje kicheko kilipasuka! Mmoja akaniita Daktari Piko, mwingine akataka nimpime oksijeni ya mkoba wake. Nikatoka nimejitanda kanga mpaka machoni.

Nesi akamwita yule binti. Akakibana kidole cha mguu cha kichanga, akatazama, uso ukambadilika. Hakusema namba. Alimbeba mtoto akaenda naye mbio chumba cha oksijeni, mama yake nyuma, kanga inaburuta chini.

Kicheko kikakatika. Yule niliyesema kalala tu hakuwa amelala. Alikuwa amechoka kupumua.

Nilishindwa kuondoka. Nilikaa pale na Nasra wangu mzima, anakula mandazi aliyopewa na mama mmoja niliyemuuliza kama anaijua oksijeni. Nikamwomba Mungu kwa ajili ya mtoto ambaye hata jina lake silijui. Baadaye nesi akatoka akasema hewa imemkubali, rangi imerudi, hata kulia kalia. Nikalia na mimi.

Binti alipotoka kuchukua mkoba wake nikamfuata.

"Mdogo wangu, nisamehe."

Akanitazama. Hata hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nazo.

"Mie nilikupisha, dada, kwa sababu nilikuamini."

Basi. Kwa piko nichekeni mpaka mbavu ziwaume. Kwa yule kichanga msinicheke, nitukaneni tu.