Mama, Nimeachwa

Jumatatu, 12 Januari
Klabu imeniacha. Kocha aliniita ofisini kwa chai, na kocha yule hampi mtu chai. Akasema goti langu la kulia limekwisha. Daktari ameonya kwamba nikianguka tena barafuni nitatembelea mkongojo. Nafasi yangu kapewa Arnold. Arnold! Juzi tu namfundisha kukaza kamba za viatu vya barafu. Ujana wangu wote nimeumwaga kwenye hoki ya barafu. Kazi nyingine siijui.

Nyambura haambiwi. Mke wangu huyu ni nesi, na kila mgonjwa wa wodi yake anajua mumewe ni mchezaji wa kulipwa. Mpango: kila asubuhi nitoke na mfuko wangu kama kawaida, nipate klabu nyingine kabla hajashtuka. Mpango safi!

Jumatano, 14 Januari
Nashinda maktaba ya mtaa wetu, Erdington. Wazee wa magazeti wameshanizoea. Klabu zote nilizopigia zimeuliza habari za goti. Jioni Nyambura akainamia mfuko, akasema ajabu, siku hizi haunuki. Ni kweli, jezi ya hoki hunuka kama beberu aliyenyeshewa. Kesho nitakimbia nayo bustanini mpaka inuke.

Alhamisi, 15 Januari
Nimekimbia. Jezi inanuka vizuri. Goti limevimba, ngazi napanda kwa makalio. Moyo ukanishinda, nikamwandikia Mama ujumbe kule mtaani kwake, Hodge Hill: Mama, nimeachwa. Niombee, na usimwambie mtu.

Ijumaa, 16 Januari
Balaa! Mama kaja na akina mama wa ushirika wa kanisani, vitenge viunoni, sufuria ya kuku mkononi. Nikadhani wamekuja kuliombea goti. Kumbe Mama alielewa nimeachwa na mke! Akanipita mlangoni kama sipo, akampigia Nyambura magoti.

"Mwanangu, kama amekukosea, nimchape mimi mwenyewe. Usimwache."

Nyambura akasema hajamwacha mtu. Wote wakanigeukia. Nikatoboa yote: kocha, Arnold, maktaba. Hakuna aliyecheka. Kuku akapoa.

Walipoondoka, Nyambura akaniuliza nilichokuwa naogopa.

"Bila barafu mimi si mtu," nikamwambia.

Nikalia vibaya. Naye akalia. Akasema kazini anawaogesha watu wasioweza kusimama, na mimi hataki kuniogesha nikiwa bado kijana. Akaniomba nisimfiche tena jambo. Nikaapa, na nilimaanisha.

Jumatatu, 19 Januari
Klabu moja ya kaskazini inataka kunijaribu kesho. Nimewaambia goti ni zima kabisa. Nyambura nimemwambia nina intavyuu ya kazi ya ghala. Amefurahi mno, ameimba jikoni, amenipigia shati jeupe pasi. Imeniuma kumtazama.

Shati nimelilaza mfukoni, juu ya viatu vya barafu, lisikunjike.