Nyati wa Rondo na Supu ya Pweza

Jumatatu, 18 Agosti

Bi Mwahija, jirani yangu, kaja asubuhi na kile kicheko chake cha kuazima. Hakutaka hata kuketi. Kasema Jumamosi vijana wa mtaa wetu wa Mtanda wanawaenzi wanamichezo wa zamani, na mwanawe Bakary atakaa kiti cha mbele kwa ajili ya mieleka ya mwaka tisini na sita. Jina litatajwa kwenye kipaza sauti! Kisha akaniuliza, kwa upole wa kuchoma, ati Ignas wangu enzi zile alikuwa akicheza nini.

Akicheza nini! Ignas ndiye Nyati wa Rondo! Kinyago nilimshonea mwenyewe kwa kanga yangu! Siku aliyopambana na Bakary nilikuwa nje ya ukumbi nauza maandazi. Ukumbi ulilipuka kwa kelele hadi kuku wa jirani wakaruka. Baadaye Ignas akaniambia, Mama, kelele zote zile zilikuwa zangu. Mwanangu hasemi uongo.

Nikaenda kwa Boniface, mwenyekiti wa vijana. Shikamoo nzuri, jibu baya. Mieleka ile haikuonyeshwa kwenye televisheni, picha hakuna, na Nyati alijifunika uso. Anataka shahidi.

Jumatano, 20 Agosti

Shahidi nimempata! Mzee Abilahi, aliyekuwa akigonga rimu ya gari kuanzisha pambano. Sikwenda mikono mitupu. Nilimpelekea supu ya pweza, ileile niliyompa Ignas kabla hajapanda ulingoni. Sisi wa Rondo, watu wa bara, pweza tumemjulia ukubwani, lakini mkono wangu unajulikana. Namchemsha leo, analala sufuriani, kesho anakolea. Bi Mwahija husema pweza halazwi hivyo. Wivu.

Mzee kala, kalamba na bakuli. Nilipomtaja Nyati akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema, "Mama Ignas, mwache Nyati apumzike." Huyu kanunuliwa!

Ijumaa, 22 Agosti

Mzee Abilahi yuko kitandani tangu jana. Tumbo, wanasema. Visingizio vya mtu asiyetaka kutoa ushahidi.

Nimempigia Ignas huko Rondo aje ajitaje mwenyewe. Kakataa. Kasema, "Mama, nakuomba, watu wameshasahau." Si ndicho ninachokilalamikia! Na yeye kanisahau. Tangu Pasaka hajakanyaga kwangu, shamba la korosho tu, korosho tu. Nikakata simu. Nikapiga tena kwa sauti ya kufa. Presha imepanda, mwanangu, sioni vizuri. Kasema kesho anakuja. Nikamalizia mihogo yangu kwa raha.

Kisha nikafungua sanduku. Kanga nyeusi yenye michoro ya korosho nyekundu. Upande mmoja wa doti ulikwenda kwenye kinyago, upande wa pili huu hapa. Nani Lindi nzima atabisha?

Jumamosi, 23 Agosti

Nimeaibishwa.

Boniface alipomtaja Bakary nilisimama. Nikamnyang'anya kipaza sauti, nikatandaza kanga mbele ya watu wote. Nikasema Nyati wa Rondo ni Ignas, wa tumbo hili! Kisha mama mmoja huko nyuma akapiga yowe: "Haa! Si yule aliyekimbilia chooni!"

Uwanja ukalipuka. Kelele zilezile. Nilizitambua.

Na nani anashuka kwenye bodaboda saa hiyohiyo? Ignas, na machungwa ya mgonjwa mkononi.

Bakary aliacha kiti chake, akaenda kumkumbatia. Akaeleza kwamba walikuwa wakipangana kabla ya kila pambano nani aanguke, na siku ile ilikuwa zamu yake yeye Bakary. Keshalala chini, macho kafumba, anangoja kukaliwa kifuani, mwenzake hayupo! Watu hoi. Ignas naye akacheka, akasema, "Ilikuwa supu ya mama." Kwenye kipaza sauti! Mzee Abilahi, kaja anajikongoja na fimbo, akanyoosha mkono juu. Leo ndiyo ana ushahidi!

Ignas wakamletea kiti cha mbele, kando ya Bakary. Kile nilichokitaka. Hakunitazama. Machungwa kampa Bi Mwahija. Pilau kala kwa Bi Mwahija, kulala atalala kwa Bi Mwahija. Kwangu kafika mlangoni tu. Kasema, "Siku ukiumwa kweli, Mama, nitajuaje?" Akaondoka.

Jumapili, 24 Agosti

Nimesali misa ya kwanza. Nimewasamehe wote, isipokuwa Mwahija.

Maana nimewaza usiku kucha. Supu gani inamwangusha mwanamume? Lile lilikuwa jicho la Mwahija, halikuwa kitu kingine. Na Mungu si Abilahi. Watu wamedai Nyati na Bakary warudiane leo jioni, kwa kucheka tu, na magoti yao mabovu. Zamu ya Bakary kuanguka bado ipo palepale!

Upande wa pili wa kanga nimeukata. Kinyago kipya tayari, kipana kidogo, kichwa cha Ignas kimenenepa. Pweza nilimchemsha juzi, kwa hiyo leo kakolea hasa. Nampelekea mwenyewe hukohuko kwa Mwahija, na sitoki mpaka amalize. Safari ile alikunywa bakuli moja tu, ndiyo maana nguvu hazikumfika.

Leo nampa mawili.